Kibuyu cha Mapacha

Mtu wa kwanza kumwambia Doto kwamba Mikumi kumeletwa mashine inayoona ndani ya kitu bila kukifungua alikuwa mteja wake, binti mmoja wa Magole aitwaye Gaudiosa, na alimwambia huku akila wali na maharage. Doto alikuwa anapakua. Aliacha upawa ndani ya sufuria, akamgeukia.

"Inaona na vitu laini?"

"Hasa vitu laini, mama," Gaudiosa akajibu. "Vigumu hata hospitali wanaviona."

Doto akavuta kigoda, akaketi. Wateja wengine wakaanza kugonga sahani kwa vijiko, na dereva mmoja wa lori akauliza kama mama lishe wa leo amegoma, lakini wapi! Mwanamke huyu akiketi ameketi. "Hebu nieleze taratibu, mwanangu," alisema, "maana mwenzio nina kitu nyumbani kinaninyima usingizi."

Kitu chenyewe kilikuwa kibuyu. Msifikirie kibuyu kikubwa cha maziwa. Hiki kilikuwa kidogo, kinaenea kwenye kiganja, kimezibwa mdomo kwa nta ya nyuki iliyopigwa moshi mpaka ikawa nyeusi. Ugomvi wa Doto na kaka yake ulikuwa juu ya kilichomo ndani.

Babu yao alitoka Unyamwezi kuja Kilosa kukata mkonge. Baba yao akazaliwa kambini, na yeye akakata mkonge, na kila walipohamishwa kutoka shamba hili kwenda lile walihama na masufuria yao. Sasa, wenyeji wa milimani, kitovu cha mtoto kikidondoka kinazikwa nyumbani, imekwisha, mtu anajua kwao ni wapi. Watu wa kambini wangezika wapi? Ardhi ya mwenye shamba, chumba cha mwenye shamba, hata mgomba wa uani ni wa mwenye shamba. Kwa hiyo bibi yake Doto alianzisha utaratibu wake katika familia ile, na ukashika. Kitovu kinakaushwa, kinafungwa uzi wa katani, kinatiwa kibuyuni, kibuyu kinazibwa. Hakifunguliwi mpaka mtoto afe, ndipo kitovu chake kitolewe kizikwe. Ukikifungua bure, bibi alikuwa akisema, umemtangazia mwanao kifo kwa mdomo wako mwenyewe.

Mathias, mtoto wa kwanza, alikuwa na kibuyu chake. Mapacha waliomfuata walitiwa kimoja, kwa kuwa tumboni pia walikaa chumba kimoja. Kulwa, wa kiume, alitangulia kutoka. Doto, wa kike, akafuata. Mama yao, Filomena, aliufunga uzi wa Kulwa fundo moja na wa Doto mafundo mawili. "Mlinichanganya tumboni," alikuwa akiwaambia, "nje hamnichanganyi."

Basi Kulwa akakua, akapanda treni Kilosa akiwa kijana wa miaka ishirini na ushee, anakwenda kutafuta dhahabu kule Kanda ya Ziwa. Aliaga anacheka. Salamu zilikuja mara mbili kwa midomo ya watu, kisha kimya. Kimya hicho mpaka leo kina zaidi ya miaka ishirini, na ndani yake Doto ameolewa, amezaa, ameachika, amenenepa na kuanza kuota mvi.

Alihamia Mikumi, akafungua banda la chakula pembeni ya barabara kuu, na kila mtu alidhani amefuata biashara ya malori. Ukweli aliujua yeye na mama yake tu. Barabara ile inapitisha watu wa nchi nzima na wa nchi za jirani, na Doto alijiambia kwamba mtu yeyote, awe anarudi kwao au anakukimbia, ipo siku atashuka Mikumi kula. Akipakua wali anatazama nyuso. Kwa kuwa walikuwa wamefanana kupita kiasi, hakuhitaji picha: alikuwa anautafuta uso wake mwenyewe kwenye mwili wa mwanaume. Kuna dereva wa Tunduma aliwahi kudhani anatongozwa, akarudi kesho yake amevaa shati jipya. Pole yake.

Na mama naye alikuwa na lake. Doto akienda Kilosa kumsalimia, akapiga goti, "Shikamoo mama," mama anaitikia, "Marahaba," halafu kabla hajauliza safari wala watoto: "Mwenzio je?" Kila safari. Doto kabeba mchele na sukari, jasho linamtiririka, mwenzio je. Alimpenda mama yake, lakini jamani, lilikuwa linamuuma. Zilikuwepo siku alitamani apotee na yeye, ili siku moja Kulwa aulizwe habari zake.

Mama alifariki miaka mitatu iliyopita, na kibuyu kikaja kwa Doto. Alikitundika chumbani, juu ya kitanda, akaendelea kusubiri. Kusubiri kwenyewe kulikuwa rahisi maadamu aliamini kwamba mama amekufa akisubiri vilevile. Walikuwa wawili kazini. Mmoja ametangulia, mmoja amebaki zamu.

Mwaka huu, Oktoba, Mathias akaja Mikumi. Mathias ni mstaafu wa reli, mwenyekiti wa jumuiya huko parokiani Kilosa, mtu wa kunyoosha mambo. Akikuta kiti kimepinda kanisani hawezi kusali mpaka akinyooshe.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Nimekuja na jambo, na sitaki ulijibu kwa hasira."

"Basi usiliseme kwa namna ya kunikasirisha."

Mathias akavua kofia. "Novemba inakuja. Kila mwaka majina ya marehemu wa kila nyumba yanasomwa kwenye misa, ya kwetu yanasomwa, baba, mama, babu, na Kulwa anarukwa. Nimechoka kumruka. Mwaka huu nataka asomwe."

"Marehemu gani? Nani amekuletea maiti?"

"Doto."

"Nauliza. Maana mimi ndiye pacha wake, na sijaletewa."

Mathias akasema neno ambalo Doto hakulitegemea kabisa. Kitovu cha Kulwa, alisema, kilishazikwa zamani. Baada ya arobaini ya baba yao, Doto akiwa ameshahamia Mikumi, baba mdogo aliwaita wazee wa ukoo wakamkalisha mama chini. Walimwambia nyumba haiwezi kukaa mlango wazi miaka yote kwa ajili ya mtu asiyerudi. Walimbembeleza, wakamlaumu, wakambembeleza tena, mpaka akakubali. Alikifungua kibuyu mbele yao, akatoa kitovu kimoja, akakizika kwa mikono yake, kibuyu akakiziba upya. "Nilikuwepo," Mathias akasema. "Niliona kwa macho yangu. Akaniapisha nisikuambie, na mimi nikatii mpaka leo."

"Muongo."

"Mimi kaka yako."

"Kaka yangu muongo."

Lakini neno lilikuwa limeshamwingia. Kama mama alizika, basi mama aliacha kusubiri, na ile "mwenzio je" ya miaka yote ilikuwa kitu gani? Alikuwa anamhurumia Doto tu, kama unavyomuuliza mtoto habari za mwanasesere wake? Na yeye Doto, banda, barabara, nyuso zote zile, alikuwa zamu peke yake bila kujua? Hilo ndilo lililomnyima usingizi, kuliko hata kifo chenyewe.

Kufungua kibuyu hakuthubutu. Kukifungua ni kutangaza. Basi akakifunga kwenye kanga, akakipeleka kwenye hospitali moja, akamsihi mtaalamu wa mionzi akipige picha ya eksirei kama anavyopiga kifua cha mgonjwa. Picha ikatoka: duara hafifu la ganda, na katikati weusi mtupu. Mathias alipoiona akatikisa kichwa. "Unaona? Patupu."

"Patupu?" Doto akamrukia. "Na changu kiko wapi? Au na mimi mlinizika, na huo wali unaokula umepikiwa na mzimu?"

Mathias aliutazama ule wali, akauacha.

Ndivyo mambo yalivyokuwa siku Gaudiosa alipotaja mashine. Binti huyu alikuwa ameajiriwa kwenye mradi wa utafiti uliopanga jengo pale mjini, wakichunguza mbegu za miti ya porini, zile zinazopita tumboni mwa tembo, kuona kama kiini bado kizima ndani bila kuzipasua. Eksirei ya kawaida, alimweleza Doto, inapiga kivuli. Mfupa unazuia mionzi, unaonekana. Kitu laini kikavu, kama mbegu, uzi au ngozi, mionzi inakipita kana kwamba hakipo.

"Lakini mama, kukipita siyo kwamba haikuguswa. Ikipita inapinda kidogo sana. Mashine yetu inaukamata huo mpindo."

"Sijakuelewa."

Gaudiosa akaangaza macho bandani, akaona jiko la mkaa. "Ile hewa ya moto juu ya jiko, unaiona?"

"Hewa haionekani."

"Tazama ukuta nyuma yake."

Doto akatazama. Ukuta ulikuwa unatetemeka. Miaka yote hiyo jikoni na hakuwahi kuuangalia.

"Hewa hujaiona, lakini umejua ipo na inaishia wapi," Gaudiosa akasema. "Ndiyo kazi yetu. Halafu kitu kinazungushwa, kinapigwa picha kila upande, kompyuta inazipanga, unaweza kukikata vipande kama kitunguu, na kisu hakijakigusa."

Bosi wa Gaudiosa alikuwa mgumu mwanzoni. Alisema mashine ya utafiti siyo ya kupigia ramli, na wakimkubalia huyu mama kesho watapangiwa foleni ya hirizi za mkoa mzima. Lakini alipokishika kibuyu, chepesi, kikavu, ganda jembamba, akasema kwa kujaribia mashine kinafaa. Wasomi bwana. Doto akampigia simu kaka yake siku hiyohiyo.

"Njoo. Kikionekana kimoja, jina lisomwe na mimi nitavaa nyeusi. Vikionekana viwili, usinitajie tena jambo hili mpaka unaingia kaburini."

"Nakuja," Mathias akasema. "Na Mungu atusaidie sote wawili."

Mashine haikuwa kubwa. Doto alitegemea dude la kujaza chumba. Akakuta kabati la chuma, kimo cha friji la soda, lenye mlango mzito wa madini ya risasi na alama ya hatari. Gaudiosa alikiweka kibuyu juu ya kijimeza kidogo ndani, akakikingia sponji pande zote, kwa uangalifu wa mtu anayemlaza mtoto mchanga, na Doto akampenda kwa hilo. Mlango ukafungwa. Ndani kukaanza mlio wa chini chini, kijimeza kinageuka kidogo, kinasimama, picha, kinageuka tena.

Ilikuwa kazi ya kusubiri, na kusubiri Doto anakujua. Aliketi na Mathias kwenye benchi la korido. Nje malori yalikuwa yanapita, sakafu inatikisika.

"Unadhani nafurahia?" Mathias akasema ghafla. "Unadhani nataka awe amekufa?"

Doto akakaza fundo la kanga yake.

"Nilimbeba mgongoni yule. Nataka mahali pa kumsalia tu. Wewe una barabara yako. Mimi nikimkumbuka sijui nigeukie wapi."

Lo, na Doto alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Alimsogelea kaka yake kidogo kwenye benchi, wakakaa hivyo mpaka walipoitwa.

Kwenye skrini kibuyu kilikuwa cha rangi ya kijivu, kimeelea gizani, na ukingo wake ulikuwa umechorwa kwa mstari mweupe mwembamba. Gaudiosa akakikata kwa kidole, kipande baada ya kipande, kutoka juu kushuka chini. Nta. Shingo. Utupu. Kisha, karibu na kitako, vikatokea. Viwili. Vimejikunja kama vipande vya nyama iliyokauka, kimoja pembeni ya mwenzake.

Doto alipiga kigelegele ambacho mpaka mlinzi wa getini alikuja mbio. "Viwili! Kaka, viwili! Si nilikwambia? Mama hakuzika! Mliona mizimu nyie wazee!" Alimshika Mathias mabega, akamtikisa, anacheka na machozi yanatoka. Mathias alikuwa ameduwaa, mdomo wazi, anarudia tu, "Lakini niliona, Doto, niliona."

Gaudiosa hakucheka. Alikuwa amesogeza uso karibu na skrini. "Mama," akasema, "samahani. Ngoja kwanza."

"Ningoje nini tena? Nimengoja miaka yote!"

"Hivi viwili vinafanana mno. Hata mapacha hawafanani hivi." Akaonyesha kwa kidole. "Nadhani malori yamekitikisa. Kilichomo ndani kimesogea katikati ya kazi. Mashine imekipiga nusu ya picha kikiwa hapa, nusu kikiwa pale, na kompyuta imeviunganisha. Sitaki kukudanganya, mama. Inabidi turudie."

Ningekuwa mimi, ningembamiza yule binti na kigoda. Doto aliketi tu. Furaha ilimtoka usoni palepale, na uso uliobaki ulikuwa wa mtu mzee. "Rudia," alisema.

Walirudia. Safari hii kibuyu kililazwa kwa ubavu ili kilichomo kitulie, kikabanwa, na bosi mwenyewe akasogeza mashine mbali na ukuta wa barabarani. Chai ililetwa, haikunyweka. Picha ilipokuja ilikuwa safi, ya kutisha kwa usafi wake, na hapakuwa na ubishi tena. Kitovu kilikuwa kimoja.

Gaudiosa alikata kipande baada ya kipande mpaka mwisho wa kibuyu, akarudi, akakata tena. Kimoja. Mathias akavua kofia, akafanya ishara ya msalaba, na midomo yake ikaanza kusali ile sala ya marehemu, raha ya milele. Hakuwa anashangilia ushindi. Alikuwa analia kwa utaratibu, kama anavyofanya mambo yake yote.

Doto hakulia. Alikuwa anajisikia mjinga. Basi mama alizika, alijiambia, mama alizika na akanyamaza, akaniacha nikitumbulia macho madereva kama kichaa. Alitamani kurudi bandani, azime jiko, ashushe bati, asimtazame mtu usoni tena mpaka kufa.

"Huu uzi uliozunguka hapa," Gaudiosa akasema polepole, kwa kutafuta la kusema, "umeonekana vizuri sana. Hata nyuzinyuzi zake zinahesabika. Ni katani?"

Doto akainua kichwa. "Uzi una mafundo mangapi?"

"Sijui. Ngoja nizungushe."

Kitovu kikageuka gizani taratibu, kikaonyesha mgongo, kikaonyesha tumbo, na uzi ukaja mbele. Ulikuwa umezungushwa mara kadhaa na kukazwa. Gaudiosa akaukuza mpaka ukajaa skrini.

"Moja, mama. Fundo moja."

"Tazama vizuri."

"Ni moja. Ncha zake hizi hapa mbili, zimekatwa karibu karibu. Hakuna lingine."

Doto alimtazama kaka yake, kaka akamtazama. Mathias alikuwa anajua hesabu ya mafundo kama alivyoijua yeye, walikua nayo. Fundo moja ni Kulwa. Kulwa alikuwa ndani ya kibuyu, mzima, hajatolewa, hajazikwa na mtu.

"Sasa," Mathias akasema, "siku ile tulimzika nani?"

"Mimi," Doto akasema.

Kwanza alicheka, kicheko kikavu kisichompendeza mtu. Ikaja hasira nyuma yake, na ikaja kubwa. Walimtaka mama amtoe mmoja, na mama akamtoa yeye! Yeye aliyekuwa hai, anayepeleka mchele, anayepiga goti! Kulwa hakuleta hata salamu, na Kulwa ndiye aliyebakizwa. "Aliwapumbaza ninyi kwa kitovu changu," alisema. "Mkatoka pale mmeridhika, na mimi niko chini. Mama yangu mzazi. Akanitoa kama unavyotoa jiwe kwenye mchele." Aliongea mpaka akaishiwa pumzi. Gaudiosa aliona haya kuwepo, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake.

Mathias alingoja mpaka akanyamaza.

"Unajua alikizika wapi?"

"Sitaki kujua."

"Baba mdogo alitaka kiende makaburini, kwenye kaburi la baba. Shimo tulishachimba. Mama akakataa kata kata. Akasema, mmetaka nizike, nitazika, ila mahali nachagua mimi. Akaingia chumbani kwake, kile chumba cha nyumba aliyojenga mwenyewe kwa kuuza vitumbua, akasogeza kitanda, akachimba pale anapolaza kichwa. Alichimba kwa kijiko. Nilitaka kumsaidia, akanifukuza." Mathias alikuwa anaizungusha kofia mikononi. "Akafukia, akapigapiga kwa kiganja, akarudisha kitanda juu yake. Baba mdogo alisema shemeji amechanganyikiwa, nani analalia kifo? Na mimi nilidhani hivyohivyo mpaka sasa hivi. Amelala hapo miaka yote, Doto. Hata alipozidiwa, tukitaka kumhamishia chumba chenye hewa, hakukubali kichwa chake kitoke pale."

Ndipo Doto akaelewa.

Maana hakuna anayemzika marehemu chini ya mto wake. Hapo anazikiwa mtoto aliye hai, ili awe na kwao. Mwanamke aliyezaliwa na kuzalia kwenye vyumba vya watu, siku alipopata sakafu yake mwenyewe na wazee wakamlazimisha kuchimba, alichimba kwa ajili ya binti yake, akaulalia udongo ule kila siku iliyobaki ya maisha yake, na hakumwambia mtu.

Siku ya msiba wa mama, Doto hakumwaga chozi. Macho yake yalikuwa njiani, anamkagua kila anayeshuka kwenye bodaboda, kwa hakika kwamba mazishi yatamrudisha Kulwa, na waombolezaji walisema pembeni kwamba binti ana roho ngumu. Sasa, kwenye chumba cha watu, mbele ya skrini inayong'aa, alianza kusema "mama" na neno likamshinda katikati. Akaketi sakafuni. Alilia kwa sauti, kama wanavyolia watoto, bila kujificha uso.

Mathias aliinama, akamshika bega. Alimwambia basi, Kulwa hatasomwa, si mwaka huu wala mwakani, amsamehe. Doto hakumsikia. Alikuwa anamtaka mama yake.